Tulivyomwombea Mwalimu wa Mbio

Kila ninapokutana na mtu tuliyesoma naye chuo kile cha ualimu karibu na Lindi, maneno hayachukui muda kufika kwa mwalimu wetu wa mbio. Na kila mara mtu huyo hutikisa kichwa akasema tulikuwa watoto, hatukujua. Mimi hukasirika. Hatukuwa watoto. Wengine wetu tulikuwa na ndevu, na mmoja alikuwa ameacha mke na mtoto kwao Mtama. Tulijua vizuri tulichokuwa tukikifanya, na tulikifanya kwa adabu zote tulizofunzwa na wazee wetu. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Mwalimu alikuwa mtu wa Njinjo, huko bara ya Kilwa, Mmatumbi mfupi mwenye matege na hasira za karibu. Alipigana vita Burma, akarudi na filimbi, kaptura za kaki na ujuzi wa kuwakimbiza watu. Cheti cha ualimu hakuwa nacho. Mkuu wa chuo wa zamani, Mzungu mtu mzima aliyependa michezo, alimchukua awe msimamizi wa mabweni, kisha akamkabidhi vijana wa mbio, na sisi tukaanza kumwita Mwalimu bila kuambiwa na mtu.

Sitaki kumpamba. Alikuwa akitutukana, tena kwa Kimatumbi, ili wale wa kwao waelewe na sisi wengine tubaki kukisia. Alikuwa na vipenzi vyake na hakuwaficha. Mimi sikuwamo, maana baba yangu alikuwa akiuza ng'onda, samaki wakavu, mjini Kilwa, na kwa Mwalimu watu wa mjini wote walikuwa walegevu wa kuzaliwa. Kabla ya kutuachia tukimbie alizungusha kata ya maji, kila mtu apige funda moja, alishike mdomoni bila kulimeza, akalitemee mbele yake mwisho wa mbio ili alione. Hivyo ndivyo alivyotufundisha kupumua kwa pua. Aliyemeza alirudia njia yote. Nilimeza mara nyingi, na nilirudia mara nyingi, huku nikimlaani kimoyomoyo.

Lakini nilikuja kukimbia. Mimi niliyekuwa nikihema kwa kupanda ngazi za darasani, nilifika mahali nikawa nakimbia maili tatu na kumaliza nikiwa bado nina maneno. Hakuna mtu kabla yake aliyewahi kuniangalia akaona kwamba ndani yangu kuna kitu. Nilimpenda mtu yule, na nilimwogopa, na nilitaka anisifu, naye sifa zake zilikuwa adimu kuliko nyama.

Kiwanja chetu kilikuwa ufuko. Chuo kilikuwa na uwanja wake wa majani, lakini udongo wa pale ulikuwa mgumu, na sisi tulikimbia pekupeku. Mwalimu alisema uwanja ule ni wa kuvunjia magoti. Alitupeleka pwani maji yakishakupwa, juu ya mchanga ule wa chini ulioloa na kushikana, ambao haukumezi mguu wala haukupigi. Kwa hiyo saa zetu zilifuata maji. Leo tulikimbia alasiri, kesho baadaye kidogo, keshokutwa karibu na magharibi, kisha tukahamia alfajiri. Siku za maji mafu, bahari isipotoka vya kutosha, alitupandisha kilima cha mikorosho. Sisi wa pwani hatukuhitaji kuelezwa. Vijana wa bara walibabaika siku za mwanzo, halafu nao wakawa wanaulizana bamvua, yale maji yanayotoka mbali, ni lini.

Mkuu mpya alikuja na kengele. Yule wa zamani alikuwa amestaafu akarudi kwao Ulaya, na huyu, Mzungu naye, akaletwa kutoka shule moja ya bara, mbali kabisa na bahari. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, hilo simnyimi. Alikuwa mrefu, msafi, mtu wa ratiba. Michezo ni saa kumi na nusu, kengele inalia, kila mtu mahali pake. Siku ya kwanza alipokwenda uwanjani kutazama timu yake iliyosifiwa jimbo zima, alikuta kunguru. Sisi tulikuwa tumelala, kwa kuwa tulikimbia alfajiri.

Akamwita Mwalimu ofisini. Mwalimu akamweleza habari za maji. Mkuu akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia kwamba chuo hiki hakiendeshwi na bahari. Hapo Mwalimu angenyamaza. Yeye akajibu kwamba basi na ajaribu kuipigia bahari kengele yake, huenda ikaitika. Karani alikuwa mlangoni, na kabla ya chakula cha mchana chuo kizima kilikuwa kinacheka. Mkuu naye alijua kwamba tunacheka. Juma lililofuata tukatangaziwa kwamba muhula ukiisha msimamizi wa mabweni ataondoka, na atakuja mwalimu wa michezo mwenye cheti kutoka Dar es Salaam.

Ninaposema ataondoka, msomaji wa leo anaweza kufikiri mtu alihamishwa tu. Mwalimu hakuwa na pa kuhamishiwa. Bila cheti, hakuna chuo wala shule ambayo ingempa vijana awakimbize. Kilichomngoja Njinjo ni jembe, na watu waliomwona akiondoka na kofia ya askari wamwone amerudi kichwa wazi. Sisi nasi tulikuwa na mashindano ya Jimbo la Kusini mbele yetu, na hatukuona nani mwingine angetufikisha. Tulimtaka yeye, basi. Sidhani kama nimewahi kutaka jambo na wenzangu kwa moyo mmoja namna ile.

Mwanzoni tulinung'unika tu. Kisha Jumamosi moja jioni Mwalimu akaja bwenini kwetu. Kwa kawaida akiingia alianza kwa kumtukana mtu kwa kitanda kisichotandikwa. Siku ile hakumtukana mtu. Alisimama mlangoni akasema kuanzia Jumatatu mazoezi ni uwanjani, kengele ikilia, na asiyetaka akae. Mmoja akafungua mdomo aulize. Mwalimu akamwambia hakuna swali, akageuka, akaenda zake. Hakututazama usoni.

Mtu aliyekuwa akiudharau uwanja ule mbele ya kila mtu, leo anatupeleka huko kwa kengele. Nahodha wetu, kijana wa Kilangala, mrefu, mpole, mtu wa sala, alikaa kitandani akasema, "Wamemvunja." Wote tukaona ni kweli. Tukaona mzee wa watu ameshakata tamaa, anamalizia siku zake kama mfungwa, na kwamba tusipomsimamia sisi hana wa kumsimamia.

Yule mwenzetu wa Mtama alishauri tumwandikie Mkuu barua, kila mtu atie jina lake. Nahodha akakataa. Alisema barua ni ya watu waliokwisha kugombana, wanaojiwekea ushahidi wa barazani. Tena siku zile habari za vyama na migomo ya makuli zilikuwa zinasemwa kila kona ya Lindi, na kundi la wasomi wakiandika barua yenye majina, serikali inasoma fitina. Sisi hatugombani na Mkuu, alisema, tunamwomba. Na kuomba kuna njia yake.

Njia yenyewe kila mmoja wetu aliijua, wa pwani na wa bara. Ukitaka kumwombea mtu kwa mkubwa aliyekasirika, huendi na maneno mengi. Mnakwenda asubuhi mapema, pekupeku, mnakaa chini mbele ya mlango wake, kofia mmezivua mmeziweka mchangani, vichwa mmeinamisha. Hamsemi kitu. Mkubwa atawaona, na atawaacha kidogo, kwa kuwa hasira yake nayo ina haki yake. Kisha atatoka aulize kulikoni, na mmoja atasema. Na hamwinuki mpaka mwenye nyumba awajibu, maana kuinuka kabla ya jibu ni kusema ombi lenu halikuwa la moyoni. Nilimwona baba yangu akikaa hivyo kumwombea ndugu yake kwa mkwewe, na alirudi na mke wa ndugu yake. Hakuna aliyetuambia, wala sisi hatukufikiri, kwamba Mzungu hajui jambo hili. Alijua Kiswahili. Tulidhani anayejua maneno anajua na mengine.

Tukachagua kesho yake, Jumapili, tena kwa makusudi. Ni siku ya dini yake, tukasema, moyo wake utakuwa laini.

Tulifika jua ndiyo kwanza linachomoza. Tulikaa kwenye changarawe mbele ya baraza yake, timu nzima, mashati meupe yaliyofuliwa, kofia mbele ya magoti. Changarawe ilitukata, na hakuna aliyejisogeza. Mpishi wake, mtu wa Lindi mjini, alitoka na ndoo, akatuona, akaelewa papo hapo. Akatuitikia kwa kichwa kwa heshima, akapita pembeni kwa kunyata. Nilijisikia vizuri sana wakati ule. Nilijisikia mtu mzima anayefanya jambo la watu wazima.

Mkuu akatoka na kikombe cha chai mkononi, amevaa joho lake la kulalia. Akasimama. Akatutazama kutoka mwisho mmoja wa mstari hadi wa pili. Akauliza kwa sauti ya kawaida kama kuna mgonjwa. Nahodha akatikisa kichwa, na hakusema, kwa kuwa hilo halikuwa swali lenyewe. Mkuu akangoja kidogo, kisha akarudi ndani akafunga mlango, na tukasikia komeo.

Tulifurahi. Naapa tulifurahi. Tuliona mambo yanakwenda yanavyotakiwa, mkubwa ametuona na sasa anatuacha tukae na unyenyekevu wetu. Jua lilipanda, jasho likatutiririka, na hatukufuta. Ndani, tulivyokuja kujua, alikuwa kwenye simu akiwaambia polisi kwamba wanafunzi wake wameizingira nyumba, wamegoma, hawataki kusema.

Landrova ilipoingia tulidhani ni wageni wake wa kanisani. Alishuka inspekta wa Kizungu na askari wawili wenye virungu. Ndipo Mkuu akatoka, safari hii amevaa nguo zake kamili. Inspekta akatuamuru tutawanyike. Hatukutawanyika. Si kwa ukaidi, Mungu ni shahidi. Inspekta hakuwa mwenye nyumba, na mwenye nyumba alikuwa hajatujibu. Askari mmoja, naye mtu wa kwetu, alituangalia akataka kusema neno, akamtazama bwana wake, akaacha. Huyo pia sijamsamehe.

Mkuu akamsogelea nahodha. Ninajua leo kwamba alikuwa ameogopa.

Akamwuliza, "Nani aliyewafundisha kukaa hivi?"

Nahodha hakuinua kichwa. Akajibu polepole, kwa sauti ya mtu anayesoma dua, "Mwalimu wetu, bwana."

Nataka hili lieleweke, maana wapo wanaomlaumu nahodha mpaka leo, naye ameshatangulia mbele ya haki. Kwetu, mtu akiulizwa adabu yake ameipata wapi, hasemi mimi mwenyewe. Kufanya hivyo ni majivuno. Atasema ni mzazi wangu, ni mwalimu wangu, hata kama hakuna siku waliyomfundisha jambo hilo hasa. Sifa inarudishwa kwa mkubwa. Na sisi tulikuwa tumekwenda pale kumsifu Mwalimu, kumweleza Mkuu kwamba mtu huyu ametulea. Nahodha aliona mlango umefunguliwa, akaingia kwa mguu wa kulia. Mimi nilikuwa nimekaa ubavuni kwake, na moyoni nikasema amejibu vizuri.

Mkuu akamgeukia inspekta akamwambia kitu kwa Kiingereza. Neno nililolishika ni lile la uchochezi, tulikuwa tumelisoma darasani muhula ule ule.

Wakati huo Mwalimu akatokea, anakuja mbio kutoka upande wa mabweni, filimbi shingoni. Sijui nani alimpasha habari. Alifika, akaona changarawe, kofia, virungu, na uso wake ukabadilika. Yeye alielewa yote kwa pamoja, upande wetu na upande wao, na nadhani ni yeye peke yake pale aliyeelewa. Hakumsemesha Mkuu. Alitugeukia sisi akasema neno moja, "Simameni."

Tukasimama. Wote, mara moja, kama tulivyozoea pwani akitutoa mstarini. Amri ya polisi hatukuitii, na ombi letu lilikuwa halijajibiwa, lakini miguu ile alikuwa ameitengeneza yeye na ilimsikia yeye.

Mkuu akamwambia inspekta, kwa Kiswahili ili sote tusikie, "Umeona mwenyewe."

Mwalimu hakungojewa mwisho wa muhula. Siku ile ile alipewa muda wa kufunga mzigo wake huku askari mmoja amesimama mlangoni, na jioni akapandishwa lori la Kilwa. Sisi tulifungiwa bwenini. Tulimwona kupitia dirishani akipanda nyuma, juu ya magunia, amekaa na sanduku lake la bati kati ya miguu. Nahodha alimwita. Mwalimu hakugeuka. Tulilia watu wazima wenye ndevu, na yule wa Mtama alipiga ngumi ukuta mpaka mkono ukavimba.

Tulivyojaribu kumweleza Mkuu baadaye! Nahodha alikwenda, nikaenda mimi, wakaenda na walimu wawili Waafrika wenye busara zao. Alitusikiliza kwa upole. Alisema anafahamu kwamba tulitumiwa, na kwamba hatatuadhibu kwa sababu kosa si letu. Hakuna tusi lililowahi kuniuma kama msamaha ule. Mtu alichukua adabu yetu akaiita uchochezi, kisha akatuhurumia kwa kuwa nayo. Huyo mwenye cheti alikuja, kijana mwema tu, akatukimbiza uwanjani saa kumi na nusu. Nahodha hakuvua tena viatu vyake akimbie. Mashindano ya jimbo tulikwenda na kurudi, na sioni haja ya kueleza zaidi. Mkuu yule aliondoka miaka michache baadaye na sifa zake, na wapo wenzangu wanaosema alikuwa Mzungu wa haki. Mimi huondoka barazani wakianza.

Nilimwona Mwalimu mara moja tena. Nilikuwa nimemaliza chuo, nimepangiwa shule, na kabla ya kuripoti nilitoka Kilwa nikaenda Njinjo kwa makusudi. Nilielekezwa shambani. Nilimkuta akipalilia ufuta, amevaa msuli, amekonda.

Nikamwambia, "Shikamoo, Mwalimu."

Hakuitika. Nikadhani hakusikia, nikarudia. Aliinua kichwa akanitazama, akanitambua, na marahaba hakuitoa. Alinionyesha kwa kidole nikae. Palikuwa na gogo kando ya shamba, lakini alikuwa bado amesimama, nami sikuweza kukaa juu huku yeye kasimama. Nikakaa chini.

"Si chini," alisema. Sauti ilikuwa ile ile ya pwani. "Usinikalie chini tena. Kaa kwenye gogo kama mtu."

Nikakaa kwenye gogo. Yeye akabaki amesimama na jembe. Nikaanza kumweleza kwamba tulikusudia mema, kwamba nahodha anakonda kwa majuto, kwamba hatukujua Mzungu angesoma vile. Aliniacha nimalize. Kisha akaniambia jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyelijua.

Jumamosi ile, kabla hajaja bwenini kwetu, alikuwa ametoka nyumbani kwa Mkuu. Alikwenda peke yake. Alimwomba radhi kwa maneno yake ya kengele, akamwambia atafuata ratiba, uwanjani, saa kumi na nusu, kila siku ya Mungu. Mkuu alikubali. Alimwambia kwamba yule wa Dar es Salaam hataitwa tena, abaki na timu yake, wakapeana mikono. Asubuhi yake ndiyo sisi tuliyokwenda.

Nikamwuliza kwa nini hakutuambia, pale mlangoni, neno moja tu lingetosha.

Aliinama akang'oa jani moja kati ya ufuta, akalitupa.

"Niwaambie nini? Kwamba nimekwenda kumpigia Mzungu magoti? Na nyinyi mlikuwa mnaniita Mwalimu."